Madiflapu za Hilux: anza na bolti, raba itafuata

Ukifika Kirinyaga Road jijini Nairobi, pale ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan, ukauliza madiflapu za Hilux, yaani vile vikinga tope na mawe vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu ya pikapu hiyo ya Toyota, utawekewa aina tatu juu ya kaunta kabla hujamaliza salamu. Kuna za plastiki ngumu, zilizotiwa umbo kufuata zile za kiwandani. Kuna za raba nyeusi zenye maandishi makubwa meupe, zile wanazofunga watu wa malori. Halafu kuna zile laini za mtindo wa rali, nyekundu au buluu, ambazo hutolewa stoo muuzaji akiona uko tayari kulipa. Atakuuliza unapenda rangi gani, na kama unataka nne au za nyuma pekee. Hatakuuliza gari linapita wapi, wala flapu yenyewe itashikiliwa na nini. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nyumbani ni mtaa wa South C, Nairobi, lakini wagonjwa wangu wengi wako Kaunti ya Kajiado. Asubuhi nyingi nashika Magadi Road, napita Rongai na Kiserian, nateremka Corner Baridi kuelekea Olepolos, na mahali fulani baada ya hapo naiacha lami na kufuata njia ya ng'ombe hadi bomani. Siku nyingine ni Isinya na Mashuuru, siku nyingine Suswa kwa kupitia Mai Mahiu. Gari ni Hilux Vigo ya dizeli, ile ya milango minne. Nyuma nabeba mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za fahali, kasha la barafu la chanjo, madumu ya maji, kamba, na jeki ndefu.

Kwa kazi hii flapu si pambo. Masika yakianza Machi, gari lisilo na flapu za nyuma hujipaka tope lenyewe: tairi linarusha, na upepo unaozunguka nyuma ya gari unalivuta lile tope na kulibandika kwenye mlango wa nyuma, kitasa, taa na namba. Sasa mimi nikifika bomani nashika kitasa hicho hicho kutoa chanjo. Mikono inachafuka kabla sijagusa sindano, na maji ninayobeba ni ya kuoshea mnyama, si ya kuoshea gari. Kiangazi nako ni mawe. Tairi la mbele linarusha kokoto kwenye kingo za milango na chini ya gari, zinakopita paipu za breki na nyaya za vihisi vya magurudumu. Rangi ikishabanduka kwenye ukingo wa mlango, kutu haisubiri.

Na kuna wale walio nyuma yangu. Magadi Road imejaa bodaboda, wengi wao wakiwa na abiria, wengine wamebeba watoto wa shule. Hawana kioo cha mbele. Jiwe linaloacha alama ndogo kwenye kioo cha gari linaweza kumtoa mtu jicho. Hili ndilo linalonifanya nikasirike nikiona gari kubwa limepandishwa springi, limevishwa tairi pana zinazotokeza nje ya bodi, na nyuma hakuna chochote. Mwenye gari amelipa fedha nyingi ili lionekane la porini, kisha anawapiga mawe wenzake kwenye lami ya Rongai.

Niliponunua Vigo lilikuwa na flapu zake za kiwandani. Zilikuwa nzuri kwa tairi lake la kiwandani, saizi 265/65R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo, na rimu kwa inchi). Nilipohamia 265/70R17 ili nipate kimo zaidi, kipenyo cha tairi kiliongezeka kwa milimita 26 na nusu. Si nyingi, lakini usukani ukikatwa hadi mwisho tairi la mbele likaanza kukwaruza plastiki ya flapu, na zile za nyuma zikawa fupi kuliko inavyotakiwa. Plastiki yenyewe ilikuwa imechoka kwa jua. Ukiikunja inapasuka.

Nikaenda Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kutengeneza vyuma vya kubebea mizigo juu ya magari. Flapu anazikata akiombwa. Nilikuwa nimebeba raba yangu mkononi, nimeinunua Industrial Area, kipande cha mkanda wa kusafirishia mawe viwandani, unene wa milimita 10, ndani kina nyuzi za kitambaa. Aliipindapinda, akaniuliza huwa narudi nyuma mahali gani.

Nikamweleza habari za makorongo. Ukishuka kwenye korongo kavu na ukuta wa ng'ambo umebomoka, hugeuki, unarudi ulikotoka kinyumenyume, mawe yakiwa chini ya magurudumu ya nyuma.

"Sasa nisikilize, daktari," akasema. "Ukirudi nyuma hivyo, flapu inaingia chini ya tairi. Tairi inaipanda, inaivuta. Hapo kuna kitu lazima kiachie. Kama si flapu, ni bodi. Chagua wewe mwenyewe ni nini."

Raba ya mkanda haichaniki. Watu huisifia kwa hilo, na kwenye lori linaloshinda kwenye barabara kubwa ni sifa ya kweli. Kwenye gari linalorudi nyuma juu ya mawe, kutochanika kunamaanisha kwamba nguvu yote inapanda hadi kwenye bolti, na bolti zikiwa imara inafika kwenye bati. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia magari mengine ya porini nikiwa foleni, na utayaona: kona ya chini ya bodi imekunjika kwenda ndani, na matundu mawili ya bolti yameraruka. Watu hufikiri mwenye gari aligonga mti.

Kwa hiyo ufungaji wa yule mzee una sehemu mbili, na kila sehemu ina kazi yake. Ya kwanza ni chuma cha pembe, kifupi, kilichofungwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, kwa bolti za milimita 8 kupitia matundu ambayo tayari yalikuwepo. Hakutoboa bodi hata mahali pamoja. Chuma hicho hakitakiwi kuachia kamwe. Ya pili ni flapu yenyewe, inayobanwa kwenye chuma hicho kwa ubapa wa alumini wa upana wa milimita 25 na unene wa 3, kwa bolti tatu za stenlesi za milimita 6, washa pana, na nati zile zenye plastiki ndani ili zisilegee kwa mtikisiko.

Ujanja uko kwenye matundu ya flapu. Hayakuwa matundu ya duara. Alichora kwa chaki, akakata mifereji mitatu iliyo wazi upande wa juu, kila mmoja upana wa bolti na nafasi kidogo. Flapu inakaa kwa kubanwa tu. Upepo hauitoi, tope haliitoi, kwa sababu ubapa wa alumini unaibana urefu wote. Lakini ikivutwa chini kwa nguvu ya tairi, inateleza kutoka kwenye bolti zote tatu kwa pamoja na kubaki chini. Alipomaliza alikanyaga ncha ya chini kwa kiatu, akaweka uzito wake wote, akasukuma. Flapu ilichomoka nzima. Bolti zilibaki mahali pake, alumini ikabaki mahali pake. Akachukua spana namba 10, akalegeza kidogo, akairudisha, akakaza. Kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe katikati ya Mashuuru.

Wengine hutumia bolti za nailoni zinazokatika. Nazo zinafaa, mradi ubebe za akiba. Kuna pia wanaotoboa kona ya chini ya flapu na kuweka mnyororo mwembamba wa kuinulia kabla ya kurudi nyuma. Ni njia nzuri kwa mtu anayeingia porini mara moja moja na ana muda wa kushuka. Mimi nikiitwa usiku kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, sitashuka kuinua flapu.

Tulipokubaliana kuhusu bolti, raba ikawa rahisi kuchagua. Ile ya mkanda tuliiacha. Flapu moja ya sentimita 32 kwa 45 kwa unene ule inakaribia kilo mbili, na uzito wote huo unachapa bolti kwenye kila shimo. Tukachukua raba ya kawaida isiyo na nyuzi, milimita 6, inayopinda na kurudi, kwa flapu za nyuma. Za mbele ni poliyurethani ya milimita 4, ile ile ya rali, nyepesi zaidi na laini usoni.

Mbona mbili tofauti? Kwa sababu ya udongo. Nairobi imekaa juu ya udongo wa aina mbili. Upande wa Karen, Kikuyu na Limuru ni mwekundu. Unateleza vibaya mvua ikinyesha, lakini unarushwa ukiwa uji na kuoshwa kwa maji kidogo. Ukielekea Embakasi, Syokimau, Kitengela na uwanda wote wa Athi na Kapiti, ni ule mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unavimba na kushika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Hauruki. Unapanda na tairi, unajaza nafasi iliyo kati ya tairi na flapu, halafu tairi linausaga pale pale hadi linaanza kunuka. Kwa magurudumu ya mbele, yanayogeuzwa kulia na kushoto, hilo ni baya zaidi, maana tope likijaa unausikia usukani ukiwa mzito. Poliyurethani haishiki tope kama raba. Ukisimama na kuipiga teke, bonge zima linaanguka.

Kwa ajili ya udongo huo huo, usikubali flapu ikae karibu na tairi. Mafundi wengi hupenda kuibandika karibu kabisa, wakiamini inakinga vizuri zaidi. Acha vidole vinne angalau, gari likiwa limesimama. Na hapa kuna jambo ambalo nilishangaa kulitambua mwenyewe kwa uzi.

Egesha gari mahali tambarare. Chukua uzi wa mwashi, ubane mwisho mmoja pale tairi la nyuma linapogusa sakafu. Uvute kwenda nyuma hadi uguse ncha ya chini ya flapu, kisha uendelee kuuvuta hivyo hivyo, umenyooka, mita tatu au nne. Uzi huo ndio, kwa makadirio, njia ya jiwe la juu kabisa linaloweza kuponyoka. Kila kinachotaka kuruka juu ya uzi kinagonga flapu. Ikiwa flapu iko sentimita 50 nyuma ya katikati ya gurudumu na ncha yake iko sentimita 30 kutoka chini, uzi unapanda sentimita 60 kwa kila mita. Mita tatu nyuma uko kimo cha mita 1.8, yaani umepita uso wa mtu wa bodaboda. Shusha ncha hadi sentimita 20, na mahali pale pale uzi uko mita 1.2. Sasa isogeze flapu nyuma zaidi bila kubadilisha kimo chake: uzi unalala zaidi. Kwa hiyo kuacha nafasi kati ya tairi na flapu hakupunguzi kinga, kunaiongeza. Kinachokuzuia usiisogeze mno ni kwamba kadiri inavyokwenda nyuma, ndivyo inavyokwaruza ardhi haraka gari linapotoka korongoni.

Mawe mengine yatapita chini ya uzi, hilo halina dawa. Ndiyo maana kwenye kokoto napunguza mwendo nikiona pikipiki kwenye kioo, hata niwe nimechelewa. Na flapu haizuii maji yanayoruka pembeni ukipita kwenye dimbwi. Watembea kwa miguu wa Rongai hawana kinga yoyote dhidi yetu isipokuwa mguu wetu kwenye breki.

Upana ni rahisi: upana wa tairi, ongeza sentimita mbili au tatu kila upande. Kama umeweka rimu zinazolitoa tairi nje, pima kutoka pale tairi lilipo sasa, si pale bodi inapoishia.

Kimo kinahitaji uangalifu, hasa kwa pikapu. Springi za majani za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, zikibeba mzigo zinashuka. Langu likiwa na mtungi, maji na vifaa vyote linashuka sentimita tano hivi nyuma. Ukipima likiwa tupu gereji, siku ya kazi flapu itafagia barabara. Nilimwomba mzee asubiri nipakie madumu yaliyojaa maji ndipo apige chaki. Alikata kwanza kielezo cha katoni, akakishikiza kwa klipu, tukakata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, kisha akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kuliweka juu ya tofali tatu ili upande ule ujikunje. Katoni ilikwaruzwa kona moja tu ya ndani. Akaikata kona hiyo kwa mshazari, akarudia. Raba haikuguswa na kisu mpaka katoni ilipopita salama. Fundi akikataa kuanza na katoni, tafuta mwingine.

Upande wa bomba la moshi, acha nafasi ya kiganja kizima kati ya bomba na flapu, la sivyo utasikia harufu kwenye mlima wa kwanza. Na kama gari lako halina matundu ya kutumia na ni lazima litobolewe, hakikisha tundu linapakwa rangi ya zinki hadi kwenye kingo kabla bolti haijaingia. Simama hapo uone kwa macho yako.

Watu huniuliza kuhusu flapu za rali, kwa kuwa Safari Rally iko karibu nasi. Mbio hizi zilianza mwaka 1953, na tangu ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kila mtu amekwenda Naivasha kuona yale magari yakipita na flapu zikining'inia karibu kugusa vumbi. Kwa gari la rali ni sawa. Linakwenda mbele kwa kasi, flapu zinalinda chini ya gari kwa kilomita za mashindano, na jioni kuna mafundi wanaobadilisha chochote kilichoharibika. Flapu yako inatakiwa idumu miaka. Nunua malighafi yao, usiige kimo chao.

Baada ya safari ya kwanza ya kokoto, kaza tena bolti zote. Raba ikishabanwa hujilaza, na kile kilichokuwa kimekazwa Kariobangi kinakuwa kimelegea ukifika Olepolos. Kisha angalia tena kila unapobadilisha oili.

Kwa mwenye Vigo lenye tairi za 265/70R17 na springi za kawaida, vipimo vyangu ni hivi: nyuma upana sentimita 32, ncha ya chini sentimita 22 kutoka ardhini gari likiwa limebeba mzigo, 27 likiwa tupu. Mbele upana ni huo huo, ncha iko sentimita 20, kona ya ndani imekatwa mshazari. Kwa Prado, Jimny au Defender anza upya na katoni. Na ukienda kwa fundi, nenda na mzigo wako wa kawaida ukiwa ndani ya gari.